Seti ya mzinga wa Langstroth kutoka Nakuru: sanduku la chini safi, supa ni balaa

Nyota tatu kati ya tano, na zote tatu ni za sanduku la chini. La juu la kuwekea asali, lile tunaloita supa, halistahili hata nusu. Nitaeleza kwa nini, maana kila mtu huku anauliza mzinga wa kuanzia ni upi, na wanaokimbilia kujibu ni wauzaji.

Mimi nina posho mill Bahati, kando ya barabara ya Nyahururu. Nyuma ya shamba kuna miparachichi, kwenye mpaka mstari wa migrivilea, na jirani wa upande wa chini ana mikaratusi ambayo hataki kuikata. Nyuki hapa hawana shida ya maua. Seti niliinunua kwa fundi mmoja wa mjini Nakuru, jina nitalihifadhi kwa sababu bado tunafanya biashara. Kwa shilingi 6,500 alinipa sakafu, sanduku la chini la majana, yaani watoto wa nyuki, na fremu kumi za mbao ambamo nyuki hujenga masega, supa na fremu zake, kizuizi cha malkia cha plastiki, yaani wavu wa kumzuia asipande kutaga kwenye supa, na paa la mabati. Supa haikuwa tayari siku hiyo, ikaja baadaye juu ya matatu, imefungwa kamba. Kondakta alitaka mia mbili, akachukua mia na hamsini.

Nianze na kizuri. Sanduku la chini ni la saiprasi iliyokauka, halijapinda hata baada ya mvua ya Aprili. Pembe zimeshikana kwa meno ya mbao, si misumari peke yake. Fremu zinakaa kwenye kingo zake bila kucheza, na ukichukua penseli ya shule ukaipitisha kati ya ubavu wa fremu na ukuta wa sanduku, inapita kwa kujibana kidogo. Hapo ndipo pa kumpimia fundi wa mizinga. Rangi na varnishi achana nazo.

Lorenzo Langstroth, mchungaji wa kanisa huko Marekani, alipewa hataza ya mzinga huu mwaka 1852, na siri yake yote ni upenyo ule mdogo. Nyuki akikuta nafasi ya kama milimita 6 hadi 9 anaiacha, anaitumia kama njia ya kupita. Ikiwa nyembamba zaidi, anaiziba kwa gundi yake. Ikiwa pana zaidi, anaijengea sega. Penseli ya kawaida ina unene wa kama milimita 7, kwa hiyo huhitaji chombo kingine. Kilichonipendeza kwa fundi wangu ni kwamba upenyo huo aliufuata pande zote za sanduku la chini, hata juu ya fremu. Kumbuka hilo, maana kwenye supa aliusahau kabisa.

Nyuki hawakununuliwa. Nilipaka ndani nta kuukuu na mchaichai, nikaliweka sanduku kwenye stendi ambayo miguu yake imesimama ndani ya mikebe ya oili chafu ya mashine, siafu wasipande. Wakaingia wenyewe. Wanaofuga huku hawatashangaa, maana nyuki wetu hawapendi kukaa bila kuhama, na kundi linalotafuta nyumba halikosekani mvua zikianza.

Shida ya nyuki wetu ni kwamba wanaojaa haraka ndio hao hao wanaohama haraka. Vitabu vingi vinamzungumzia nyuki wa Ulaya, ambaye unaweza kumwachia sanduku moja kubwa na akavumilia. Wetu hapana. Akiona nyumba imebana anaanza kulea malkia mpya, na malkia wa zamani anaondoka na nusu ya jeshi. Unabaki na mzinga mwepesi na msimu umepita.

Kwa hiyo nilikuwa nikichungulia. Kwanza ni mlangoni. Jioni nyuki wananing'inia nje kwa shada, mmoja ameshika mguu wa mwenzake. Hiyo peke yake haitoshi, kwa sababu siku ya joto la Februari watatoka nje kupunga upepo hata kama ndani kuna nafasi. Wakiendelea kuning'inia jioni ya baridi, na hapa Bahati baridi si ya mchezo, basi ndani hamna pa kukanyaga. Fungua sasa. Kama fremu saba au nane kati ya kumi zimefunikwa na nyuki pande zote, wakati wa kuongeza sanduku umefika. Usingojee zote kumi.

Kisha angalia katikati, pale malkia anapotagia. Kama vyumba ambamo majana yametoka vinajazwa nekta badala ya mayai, ujue malkia hana pa kutagia, na vibarua wameanza kufikiria safari. Mwisho angalia ukingo wa chini wa masega. Vikombe vidogo vitupu vinavyoangalia chini si habari, kila mzinga unavyo. Kikombe chenye buu ndani likielea kwenye maziwa meupe, hiyo ni habari, malkia mpya analelewa.

Wangu walifika fremu nane nikaweka supa. Jirani yangu mmoja, mzee wa Dundori anayefuga kwa mizinga ya magogo tangu kabla sijaolewa, alinishauri nisiweke kizuizi cha malkia mara moja. "Mama, wakikuta wavu na juu yake mbao tupu, watadhani ni dari. Waache wapande kwanza, wajenge kidogo, ndipo uweke wavu." Ni ushauri mzuri, na mpaka leo naufuata. Mabamba ya nta niliyokuwa nimebandika kwenye fremu za supa yalikuwa na harufu yake, na nyuki wakaanza kupanda.

Ila hawakujenga kwenye fremu.

Tulifungua saa kumi na mbili jioni, mbuzi wa jirani wameshaingia zizini na wateja wa unga wameshaenda. Mimi nilishika moshi, mtoto wa dada yangu akashika supa. Aliinyanyua upande mmoja, ikalia kra, kama mtu anavunja kuni. Akasema, "Anti, mbona fremu za chini zinakuja juu?" Nikachungulia kwa tochi niliyoifunga nailoni nyekundu, kwa sababu nyuki hawaioni rangi hiyo. Chini ya fremu za supa palikuwa na ukuta wa sega umeshuka mpaka kwenye fremu za majana, umeshikana nazo kama zege. Vyumba vilikuwa vikubwa, vya madume, na vilipochanika majana meupe yalianguka juu ya nyuki waliokuwa chini, mengine yamekatika katikati, asali ikitiririka juu yao. Fremu mbili za chini zilibaki zikining'inia hewani. Halafu ikaja ile harufu ya ndizi mbivu. Anayefuga anaijua, ndiyo kengele yao. Mmoja akichoma anaiacha ile harufu na wengine wanajua pa kulenga.

Tulirudisha supa chini polepole, tukatia moshi, tukaondoka kwa kupita katikati ya migrivilea mpaka wakatuacha. Kijana alichomwa kwenye kifundo cha mguu, juu kidogo ya gambuti. Mwiba utoe haraka, kwa kuukwangua au kuufinya ni sawa, ukichelewa unaendelea kusukuma sumu ndani.

Sababu niliipata siku iliyofuata kwa rula. Supa fupi ya Langstroth inatakiwa kuwa na kimo cha kama milimita 168, na fremu yake kama milimita 159. Fremu alizonipa zilikuwa sawa. Sanduku lenyewe lilikuwa karibu sentimita 19. Maana yake, kati ya fremu za juu na za chini palikuwa na uwazi wa karibu sentimita tatu, na nyuki hana huruma na uwazi wa namna hiyo. Ataujenga kwanza kabla ya kugusa fremu zako nzuri zenye nta. Pale juu nilipodhani wamepata chumba, walikuwa wameshughulika na daraja, na huku chini msongamano uko pale pale. Vikombe vya malkia vilikuwa vimeshapata mabuu.

Nikampigia fundi.

"Mama Posho, hiyo nimeongeza kidogo makusudi. Upate asali nyingi."

"Na fremu umeziongeza?"

"Fremu ni saizi ya kawaida, mama. Hizo hazibadiliki."

Nilimweleza habari ya penseli. Kusema ukweli hakubisha, alisema niilete aikate. Nauli yangu kwenda na kurudi, na mia tatu ya kupasua mbao. Nilimwambia hiyo mia tatu ni ya kosa lake, akacheka, akaichukua. Kwa hiyo huduma baada ya mauzo naipa nyota moja, ya kupokea simu.

Lakini mzinga uliojaa haungojei fundi akate mbao. Kilichoniokoa ni lile lile sanduku lake la chini. Nilikuwa nimenunua la pili kwa shilingi 3,000 pamoja na sakafu, paa na fremu, nikingojea kundi jingine liingie, na fremu za moja zinaingia kwenye jingine bila kugonga popote. Hapo ndipo unajua kwa nini saizi moja ni muhimu kuliko urembo. Tuliugawa mzinga.

Kwa anayeanza, kazi yenyewe ni rahisi kuliko inavyosimuliwa, ila malkia ndiye anayesumbua. Malkia wa nyuki wetu hakai juu ya fremu akusubiri umwone. Anakimbia, anajificha chini ya wenzake. Sisi hatukumtafuta. Tulichukua nusu ya fremu za majana, tukihakikisha kila sanduku lina mayai mabichi, vikombe vya malkia, fremu ya asali na ya chavua, na nyuki wa kutosha kuyafunika majana, maana baridi ya usiku wa huku inaua. Yai ni kama kipande cha uzi mweupe kimesimama chini ya chumba. Kama macho yako ni kama yangu, nenda na miwani ya kusomea ndani ya wavu wa uso.

Masanduku mawili tukayaweka upande kwa upande, stendi ya zamani ikiwa katikati yao, kila moja limesogea kidogo tu kutoka pale mlango wa zamani ulipokuwa. Sababu ni kwamba nyuki wazee wanaotoka kutafuta maua wanarudi mahali, hawarudi kwenye sanduku. Ukiliacha sanduku moja mahali pa zamani, litapata wavunaji wote, na la pili litabaki na watoto na wayaya peke yao.

Yai huanguliwa siku ya tatu. Kwa hiyo ukifungua siku ya nne au ya tano, sanduku lenye mayai ndilo lenye malkia, na lile lisilo na yai hata moja ni yatima. Kwenye lile lenye malkia tukavunja vikombe vyote, asije akaondoka hata hivyo. Kwenye yatima tukaacha viwili vikubwa vilivyoumbwa vizuri. Malkia anachukua siku 16 kutoka yai hadi kutoka nje, kisha anahitaji siku za kukomaa, kuruka kwenda kukutana na madume, na kurudi. Usilifungue sanduku hilo kila jioni kuangalia kama ameshaanza kutaga. Angalia mlangoni. Vibarua wakiingiza chavua miguuni kwa bidii, ni dalili nzuri kwamba ndani kuna anayelea.

Wale yatima walipata malkia wao na sasa wako fremu saba.

Vitu vingine vya kwenye risiti, kwa haraka. Kizuizi cha plastiki kilipinda kwa jua kikiwa bado ghalani, na kizuizi kilichopinda hakimzuii mtu, malkia anapita ukingoni. Nunua cha waya wenye fremu ya mbao hata kama ni bei mara mbili. Bomba la moshi la shilingi 1,500 ni zuri ila ngozi ya kipulizio si ngozi, ni turubai iliyopakwa rangi, na imeanza kupasuka kwenye mkunjo. Ninawasha kwa magunzi na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, moshi wake unatoka baridi na hauzimiki. Ovaroli ya nyuki ya 3,800 ina kitambaa cha tabaka moja, na nyuki wetu anapenya pale nguo inapogusa mwili. Vaa suruali nzito na sweta ndani. Angalia pia pale zipu mbili zinapokutana chini ya kidevu, ovaroli yangu ilikuja bila kile kibandiko cha kufunika, nikashona mwenyewe.

Kuna watakaosema, si ungechukua tu ule mzinga wa Kenya wa vijiti juu? Ni swali la haki. Mzinga ule ulitengenezwa hapa nchini miaka ya 1970 kwa ushirikiano na Wakanada, na vijiti vyake vina upana wa milimita 32 kwa sababu nyuki wetu wanajenga masega karibu zaidi kuliko wa Ulaya. Ni nafuu, fundi yeyote anaweza kuuchonga, na huinui sanduku zima, unainua sega moja moja. Mgongo wangu unaupenda. Ila ukijaa, umejaa. Huwezi kuuongezea ghorofa. Utavuna masega ya pembeni ili upate nafasi, au utaugawa, basi. Kwa mtu wa kuvuna debe mbili kwa mwaka na kuuza kwa majirani, unatosha kabisa. Langstroth ni ya anayetaka kukamua asali kwa mashine na kurudisha masega yaliyojengwa tayari, ili nyuki wasianze upya kila msimu.

Ukichukua Langstroth, supa iwe fupi. Nimeona wanaowauzia akina mama masanduku mawili marefu, eti ni rahisi kwa sababu fremu zote ni saizi moja. Sanduku refu lililojaa asali linapita kilo 35. Jaribu kulinyanyua jioni, ndani ya ovaroli, nyuki wakiwa wamekukasirikia, bila kulitingisha. Supa fupi ni mzigo wa gunia dogo la unga, na hizo nimezibeba maisha yangu yote.

Na usimwachie fundi akuletee supa kwa matatu. Nenda mwenyewe dukani kwake ukiwa na sanduku la chini, zipange moja juu ya nyingine pale pale, toa fremu ya pembeni, na upitishe penseli kati ya fremu za juu na za chini. Ikicheza, mwambie akate mbele yako, kabla hujatuma pesa.

Ningekuwa naanza leo na zile 6,500, seti nzima ningeiacha. Ningechukua masanduku mawili ya chini kwa fundi huyu huyu, kila moja na sakafu na paa, elfu sita, bila supa na bila ule wavu wa plastiki. Kundi la kwanza litajaza sanduku na kutaka kugawanywa kabla hujafikiria kukamua, na supa fupi utainunua msimu unaofuata ukiwa na fremu mkononi za kuipimia. Mia tano inayobaki ni ya mabamba ya nta na kondakta.